Mmea adimu na mmea ulio hatarini si kitu kimoja

Conophytum ni mmea wa kusini mwa Afrika, mdogo kama kokoto: majani mawili manene yaliyoshikana, yamejaa maji, na juu yake kimwanya kinachotoa ua. Ziko aina zake zinazoota kwenye kilima kimoja tu, katikati ya vipande vya mawe meupe. Hizo ni adimu. Lakini mmea unaweza kubaki adimu karne nyingi bila dhiki yoyote, mradi miche inaziba pengo la mimea inayokufa. Kutathmini tishio la uchimbaji wa porini, yaani watu kung'oa mimea ya porini ili kuiuza, ni kuuliza kama mimea inang'olewa haraka kuliko inavyojijaza.

Kipimo kinachotumika zaidi ni cha Orodha Nyekundu, orodha ya viumbe walio hatarini inayotolewa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Pale ambapo tishio bado linaendelea, mimea ikipungua kwa asilimia 30 inaingia ngazi ya kwanza ya hatari. Asilimia 50 ni ya pili, 80 ni ya juu kabisa. Muda unaotazamwa ni miaka 10 au vizazi vitatu, ule ulio mrefu zaidi. Hapa wengi huteleza. Kizazi ni wastani wa umri wa mimea inayozaa, kwa hiyo kikiwa miaka 20, unatakiwa kutazama miaka 60, si tangu ulipopita pale mara ya mwisho.

Tena huhesabiwa mimea iliyokomaa peke yake. Mchimbaji naye huitaka hiyohiyo, mikubwa na yenye umbo. Ukikuta miche mingi imezunguka mashimo, usifarijike mapema.

Mashimo yenyewe ni ushahidi mzuri, maana ukame nao unaua, na lazima vitu hivi viwili vitenganishwe. Mmea uliokufa kwa kiu huacha ganda lake kavu kwa muda. Ulioibwa huacha shimo. Sokoni, tazama picha za muuzaji: mmea wa kitalu ni laini, umelingana na wenzake, wa porini una makovu, umechomwa na jua upande mmoja, na mzizi wake mara nyingi umekatika. Mizigo inayokamatwa nayo husaidia, ila mimi huichukulia kama kiwango cha chini tu. Afrika Kusini, ambako wizi wa Conophytum uliongezeka sana tangu 2019, imekamatwa mimea maelfu kwa maelfu, na hiyo ni ile iliyoonekana.

Si lazima kusubiri mimea ipungue. Ikibaki chini ya 50 iliyokomaa, inaingia ngazi ya juu hata bila ushahidi wa kupungua. Pia kuna hesabu ya "maeneo", neno linalopotosha kidogo: eneo hapa ni sehemu ambayo tukio moja laweza kuiathiri mimea yote kwa haraka. Kilima kinachoweza kumalizwa na watu wachache kwa usiku mmoja ni eneo moja, hata kiwe na mimea elfu tano.

Ndiyo maana ripoti ya tathmini ya mmea wa aina hii mara nyingi hutaja wilaya au safu ya milima tu. Kilima chenyewe hakiwekwi kwenye ramani, kwa sababu wachimbaji nao husoma ripoti.