Vanila isiyo na majani, jamaa wa porini wa zao la shambani

Ukipita kwenye vichaka vya pwani, hata kandokando ya mikoko, huenda ukakuta kamba ya kijani, nene kama kidole, imepanda mti bila jani hata moja. Wengi huikata wakidhani ni gugu. Hiyo ni vanila. Jina lake la kitaalamu ni Vanilla roscheri, nayo huota porini tangu Kenya hadi Afrika Kusini. Shina lenyewe ndilo linalofanya kazi ya majani. Ikichanua, maua ni makubwa, meupe, yananukia.

Vanila ni jenasi, yaani kundi la mimea ya ukoo mmoja, katika jamii ya okidi, yenye spishi zaidi ya 100 katika nchi za joto. Ile ya kwenye keki na aiskrimu hutokana hasa na spishi moja, Vanilla planifolia, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati. Ndiyo inayolimwa Madagaska, Uganda, na hapa Kagera katikati ya migomba na kahawa.

Ua lake hufunguka asubuhi na jioni limeshanyauka. Ndani mna kigozi chembamba kinachozuia chavua isiguse sehemu ya kike. Mkulima hupasua mdomo wa ua taratibu, akainua kigozi kwa kijiti, kisha akabonyeza chavua kwa dole gumba. Siku zinazofuata, ua lililodondoka halikushika. Lililong'ang'ania litazaa, na ganda hukomaa baada ya miezi 8 au 9. Njia hii iligunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion. Kila nikimtazama mkulima akichavusha, namkumbuka mtoto yule.

Kinachonitia wasiwasi ni pingili. Vanila haipandwi kwa mbegu. Hukatwa kipande cha shina kikafukiwa penye mti wa kuegemea, kama mbono. Kwa hiyo mashamba mengi duniani ni kama mmea mmoja uliokatwa vipandevipande. Ukungu wa Fusarium ukiingia na kuozesha mizizi, mmea wa jirani nao hauna kinga tofauti.

Ndiyo maana machotara, yaani mimea inayotokana na kuchanganya spishi mbili, yana thamani: hayafanani na mmea ule mmoja. Vanila ya Tahiti, uchunguzi wa vinasaba umeonyesha, ni chotara wa planifolia na Vanilla odorata. Madagaska wameichanganya planifolia na Vanilla pompona. India wameichanganya na Vanilla aphylla, ambayo nayo haina majani, kama hii yetu! Sasa sisi tunaifyeka na kuichoma tunaposafisha viwanja, kabla hata haijachunguzwa vya kutosha.

Ukiikuta, iache pamoja na mti wake. Usiing'oe kwenda kuiuza. Okidi zote zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, na kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Piga picha asubuhi ua likiwa wazi, uandike mahali na tarehe, uwapelekee wataalamu wa mimea walio karibu nawe. Picha ya shina peke yake hutusaidia kidogo, kwa kuwa vanila zisizo na majani hufanana mno mpaka zichanue.