Nani kakwambieni dizeli haishuki bei?

Ujumbe ni ule ule, jina la anayeutuma tu ndilo linabadilika. "Fundi, nimepata Prado ya dizeli, ya mwaka 1998, kilomita chache, mwenyewe hateremki bei kwa sababu dizeli haichakai. Nichukue?" Yakhe, hujaniambia injini gani. Hujaniambia ilikuwa inalala wapi. Umenipa kilomita, ambazo hapa kisiwani Unguja hazina maana kubwa, na ukaongeza neno ambalo si kweli.

Imani hii ina asili yake, sikatai. Toyota za zamani zenye injini ya 3L ya cc 2779, 5L ya cc 2986, au 1HZ ya silinda sita kwenye Land Cruiser, hazina turbo, na pampu nyingi kati ya hizo ni za chuma na springi tupu. Ukizibadilishia oili, filta na mkanda wa taimingi kwa wakati, kilomita laki nne si ajabu. Lakini anayenunua gari hanunui injini peke yake. Injini ya 5L unaishusha, unapachika nyengine, gari inarudi barabarani. Chasisi iliyooza haina njia hiyo. Ukiibadilisha unabaki na kadi inayosema namba moja na chuma chenye namba nyengine, na siku ya kuhamisha umiliki utakuwa na mengi ya kueleza.

Tuanze na hizo kilomita basi. Unguja kwa urefu wake haizidi kilomita 90, Pemba ni fupi zaidi. Gari inayotoka Nungwi kuja mjini na kurudi haifiki kilomita 130, na nyingi zinazunguka baina ya Amani, Darajani na Mwanakwerekwe tu. Utazitoa wapi kilomita nyingi? Gari ya miaka 25 ikisoma 140,000 hapa kwetu inaweza kuwa kweli kabisa, na bado ikawa imeoza. Kutu haihesabu kilomita. Inahesabu miaka, na inahesabu umbali wa kutoka ilipolazwa gari mpaka baharini. Pikapu ya hoteli ya Paje au Jambiani iliyokuwa ikiteremka mchangani kila asubuhi, au iliyokuwa ikirudishwa nyuma mpaka kwenye maji kuvuta boti, siithamini sawa na ndugu yake wa Dunga, katikati ya kisiwa, hata kama dashibodi zote mbili zinasoma namba moja.

Na kutu nyengine haikuanzia hapa. Kaskazini ya Japani, Hokkaido na mikoa ya jirani, barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari inashushwa bandarini kwetu Malindi imeng'arishwa, ndani ya chasisi ina kutu ya miaka kumi ya huko, halafu inakuja kukutana na upepo wetu wa pwani.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za watu zinapopotea. Chasisi ya Hilux, Prado na Surf ni boksi, chuma kilichofungwa pande zote kikaachiwa matundu madogo ya kutolea maji. Mchanga na udongo vikiziba matundu hayo, maji ya chumvi yanakaa ndani, na chuma kinaliwa kutoka ndani kuja nje. Nje unaona rangi nyeusi safi. Ndani kimebaki kama karatasi. Prado itizame nyuma, pale mikono ya difu inapofungwa kwenye chasisi, na kile chuma cha kukingama kilicho juu ya tangi. Hilux tizama vishikio vya springi za nyuma na sehemu ya chasisi iliyofunikwa na bodi la mzigo. Land Cruiser za 70 zinaanza kwenye mfereji wa paa na chini ya kioo cha mbele, maji yanaingia mpaka miguuni kwa dereva. HiAce ni chini ya mlango wa kusukuma, na pale betri inapokaa.

Ukaguzi wake hauhitaji kompyuta. Chukua nyundo ndogo, tochi na bisibisi. Lala chini ya gari, gonga chasisi kila kiganja kimoja kuanzia mbele mpaka nyuma, pande zote mbili, hasa upande wa chini na wa ndani. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na pengine kinamwaga ungaunga. Hapo hapo sukuma bisibisi. Ikizama, umemaliza kazi, inuka ufute suruali. Bodi ipitishie sumaku iliyofungwa kitambaa. Pasiposhika pana filla, plasta ya kuzibia bodi. Muuzaji akikukataza kugonga, hilo ni jibu tayari.

Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi nzito wiki hii, usifurahi. Rangi mpya juu ya kutu inafungia unyevu ndani, na kazi yake kubwa ni kukuzuia wewe usione. Mimi naona afadhali chasisi yenye kutu ya juu juu inayoonekana kuliko hiyo iliyopakwa kiwi.

Kuna suala la kupulizia oili chafu chini ya gari, ambalo mafundi tunabishana na tutaendelea kubishana. Ndani ya boksi la chasisi naikubali, inafika pembeni ambako brashi haifiki. Nje nasitasita. Inashika mchanga, mchanga unashika chumvi, na raba za mikono na za stebilaiza zinavimba zikalainika. Nimeona gari zilizopuliziwa zikadumu, na nyengine zilizopuliziwa vile vile zikaoza. Kuosha kwa maji matamu mpaka ndani ya matundu, kila gari inapotoka mchangani, ndiyo kazi ambayo haina ubishi, na ndiyo ambayo hakuna anayeifanya.

Sasa hilo neno "dizeli" lenyewe, ambalo linanichosha kuliko kutu.

Watu wanachanganya 5L na D-4D, yaani dizeli mpya za Toyota za 1KD na 2KD, kama kitu kimoja kwa sababu zote zinanywa mafuta yale yale. Si kitu kimoja. Prado ya dizeli ya Japani ya 1998 ina 1KZ-TE, cc 2982, turbo, pampu ya kuzunguka inayoongozwa na umeme. Kuanzia 2000 ikaja 1KD-FTV, ujazo ule ule, lakini ni reli ya pamoja: pampu inasukuma mafuta kwa zaidi ya bar 1,000 na nozeli, zile zinazonyunyiza mafuta ndani ya silinda, zinafunguliwa kwa umeme. Mdogo wake 2KD yuko kwenye Hilux Vigo na HiAce za kuanzia 2004 na kuendelea. Hesabu za bei ni tatu tofauti, ya 5L, ya 1KZ na ya reli ya pamoja, na muuzaji anakupa sifa za ya kwanza ili ununue ya tatu.

1KZ udhaifu wake ni silinda hedi. Ni ya aluminiamu, ikichemka mara moja sawasawa inapasuka baina ya valvu. Na kwetu zinachemka kwa sababu ya maji. Ardhi ya Unguja sehemu kubwa ni mawe ya chokaa, maji ya kisima ni mazito, karibu na pwani yana chumvi kabisa, na mtu anajaza rejeta kwa ndoo ile ile. Baada ya miaka vijia vya rejeta vimeganda magamba. Jaza kulanti, au ukikosa basi maji ya mvua. Kukagua: asubuhi kabla haijawashwa, binya paipu ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu na gari imelala usiku mzima, moto wa silinda unaingia kwenye maji. Kisha fungua kifuniko, washa, tizama povu.

1KD inakufa kwa njia ya kijinga zaidi. Zile washa za shaba, pete za kuzibia chini ya nozeli, zikichoka, moshi wa moto unapenya juu, unapika oili, masizi yanashuka kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, na kuziba chujio la mdomo wa pampu ya oili. Taa ya oili ikiwaka umeshachelewa: turbo imekwenda, na shafti kubwa iko njiani. Gari hii usinunue bila kushusha sampu. Ni boliti na gundi, kazi ya asubuhi moja. Ukikuta chujio lina masizi meusi kama tope la masufuria, toa kwenye bei washa, nozeli na oili mara mbili, au ondoka.

Nozeli zenyewe zipimwe kwa mashine ya kusomea, injini ikiwa ya moto na sailensa, mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, imetulia. Masahihisho ya mafuta ya kila nozeli kwenye mashine hiyo yakae baina ya hasi 3 na chanya 3. Ikizidi hapo nozeli inachoka. Halafu pima mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli: chupa nne, mipira minne, moja ikijaa kabla ya nyengine umempata mgonjwa. Hapa nami nakiri jambo ambalo muuza nozeli hakwambii: nozeli inaweza kufaulu kwenye benchi la kupimia ikiwa baridi na ikashindwa kwenye gari ikipata moto. Kwa hiyo cheti cha benchi kinanipunguzia wasiwasi, hakiniondolei. Na nozeli mpya zina namba za fidia zinazoingizwa kwenye kompyuta ya gari, aliyefunga bila kuingiza atakwambia "zitazoea." Hazizoei.

Baadhi ya HiAce za Japani zenye 1KD zina pia chujio la masizi kwenye ekzosi. Linajisafisha kwa moto wa mwendo mrefu. Mwendo mrefu wa kutoka wapi kwenda wapi?

4M40 ya Pajero ni injini nzuri, ina cheni badala ya mkanda, lakini bei yake iko chini kwa sababu ya spea. Nissan TD27 nayo bei yake iko chini kwa sababu hiyo hiyo. Sina la kuongeza.

Turudi kwenye 3L na 5L. Kompresheni nzima, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ni kama bar 31, chini ya 20 injini imechoka, na tofauti baina ya silinda isizidi 5. Pima zote, usikubali moja. Na hata hapo tahadhari: silinda inayopitisha oili inaweza kukupa namba nzuri, maana oili yenyewe inaziba ringi. Ndiyo maana napenda kuwasha kwa baridi kuliko geji. Mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono kwenye boneti uhakikishe. Hewa yetu ni ya joto mwaka mzima. Dizeli nzima hapa inashika haraka na plagi za kupashia hazina kazi kubwa. Ikizungushwa mpaka betri inalia, usikubali hadithi ya plagi. Mara nyingi ni kompresheni, pampu, au hewa inaingia kwenye mafuta. Halafu fungua kifuniko cha oili, kiweke juu ya tundu kimepinduliwa. Kikitetemeka sawa, kikirushwa, ringi zimekwisha. Moshi mnajua wenyewe: mweusi mafuta, buluu oili, mweupe usioisha na wenye harufu ya dizeli ni mafuta yasiyoungua.

Toa pia mafuta ya chini ya filta kwenye gilasi. Gari za shamba zinajazwa kwa madumu na mapipa, maji yanaingia, na maji yanaua pampu. Mkanda wa taimingi ambao hujui ulifungwa lini uhesabu kuwa haupo. Wa 5L na 1HZ ni kila kilomita 100,000.

Bei sasa. Msiniletee bei za Land Cruiser za Arusha. Kule zinashikiliwa na kampuni za safari zinazozipasua paa na kuzirefusha. Hapa mgeni anatolewa uwanja wa ndege kwenda Nungwi kwa lami, ndani ya HiAce au Alphard ya petroli. 1HZ nzuri ina mnunuzi hapa, lakini ni mmoja mmoja na hana haraka. Ukitaka kuivusha Bara, hesabu kwanza tofauti ya ushuru, uulize mamlaka ya kodi yenyewe na si dalali.

Inayoshika bei kweli visiwani ni pikapu ya 3L au 5L yenye gia za mkono na chasisi inayolia ikigongwa, na Canter au Dyna za mzigo. Pemba zaidi kuliko Unguja: vilima, udongo unaoteleza mvua za masika, na magunia ya karafuu. Mwaka karafuu zikikubali, pikapu ya Wete au Konde inapanda, na muuzaji mwenye akili anasubiri msimu. Fundi wa pampu ya chuma unampata Chake Chake; wa reli ya pamoja pengine unamfuata kwa boti.

Na ile hoja ya kuwa dizeli ni rahisi kuendesha, tizama bei za mafuta za ZURA, mamlaka ya huduma za maji na nishati Zanzibar, za mwezi huu kabla ya kuisema. Zimepita nyakati dizeli ilikuwa juu ya petroli. Anayekwenda mjini na kurudi Kiembesamaki hairejeshi hiyo pesa. Anayebeba matofali kila siku anairejesha.

Unayeuza, usipake rangi chini. Osha chasisi, iache ionekane, weka risiti za mkanda na nozeli kwenye bahasha. Injini ikiwa imebadilishwa, sajili mabadiliko kabla hujatangaza gari, kwa sababu mnunuzi anayejua atalinganisha namba ya kwenye bloku na ya kwenye kadi, na zisipofanana atakukata zaidi ya gharama ya kusajili.