Umefika miaka 65 na bado uko kazini? Anza na hesabu ya watu wa ofisini kwenu

Kazi yangu ni kusaidia watu na mambo ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali hapa Marekani ambayo wengi wanaingia wakifika 65, na swali ninaloulizwa sana ni hili, "mi natimiza 65 ila bado napiga kazi na bima ya kazini ninayo, sasa hiyo Medicare niichukue au niiache?" Huwa sijibu mpaka mtu aniambie kampuni yao ina wafanyakazi wangapi. Kama bima ni ya mumeo au mkeo, basi hesabu ya kwao.

Wakiwa 20 au zaidi, bima ya kazini ndo inalipa kwanza, Medicare inafuata, kwa hiyo Part B, yaani sehemu ya Medicare inayolipia madaktari na matibabu ya kutolazwa, inaweza kusubiri bila faini ya kuchelewa. Wakiwa chini ya 20, kwa kawaida Medicare ndo inatakiwa itangulie, na kama Part B huna, bima ya kazini inaweza kukataa kulipa ile sehemu ambayo Medicare ingelipa. Mama mmoja aliniletea bahasha ya bili za operesheni ya goti, kila karatasi kaikunja mara nne, ofisini kwao wako 11 na bima ilikuwa imelipa kidogo sana, zilizobaki zote anadaiwa yeye. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza mko wangapi. Mpaka leo inaniuma.

Part A, ile sehemu ya kulazwa hospitali, wengi wanaichukua tu, manake ukishafanya kazi na kukatwa kodi ya Medicare kwa miaka 10 huilipii kila mwezi. Ila kama unaweka hela kwenye HSA, ile akaunti ya akiba ya matibabu yenye nafuu ya kodi, subiri kidogo, ukishaingia Medicare hata kwa Part A peke yake huruhusiwi kuweka tena, na ukiomba baada ya 65 Part A inaweza kurudi nyuma hadi miezi 6, kwa hiyo acha kuchangia miezi 6 kabla hujaomba.

Sasa kuacha kazi, hapa ndo watu wanaumia. Una miezi 8 ya kuomba Part B, inahesabiwa tangu kazi iishe au bima iishe, chochote kitakachotangulia. COBRA, yaani kuendelea na bima ya kazini kwa kujilipia mwenyewe baada ya kuacha kazi, haisimamishi hiyo hesabu! Mtu anailipia mwaka na nusu akijua yuko salama, kumbe muda ulishapita zamani, inabidi asubiri Januari hadi Machi ndo aombe, na faini ni asilimia 10 ya malipo ya mwezi ya Part B kwa kila miezi 12 iliyotimia ya kuchelewa, anailipa muda wote atakaokuwa na Part B.

Kabla hujaaga, mwajiri akujazie fomu CMS-L564 kuthibitisha ulikuwa na bima ya kazini, na omba barua inayoonyesha kwamba bima yao ya dawa inakubalika na Medicare, sababu ukipitisha siku 63 mfululizo bila bima kama hiyo, Part D, ile sehemu ya dawa, nayo ina faini yake.