Mwenyekiti Hagawi Ardhi Peke Yake: Mamlaka ya Mkutano Mkuu wa Kijiji

Tangu viongozi wapya wa vijiji vya Tanzania waingie madarakani baada ya uchaguzi wa Novemba 27, 2024, malalamiko ya ardhi yameongezeka kwenye dawati letu la sheria la halmashauri ya wilaya. Mengi husema jambo moja: mwenyekiti amegawa eneo la malisho kwa mgeni. Makala hii haigusi shauri lolote lililoko mezani. Ila kila mlalamikaji tunamuuliza kwanza: Mkutano Mkuu uliamua nini, na muhtasari uko wapi? Hapo wengi hunyamaza.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Huhitaji kadi ya chama, wala huulizwi kama una shamba. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inautambua kuwa chombo cha juu cha maamuzi ya kijiji. Mkutano huo ndio unaochagua Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa. Kwa hiyo kauli ya "sisi wananchi wa kawaida tutafanya nini" haina msingi wa kisheria, na tumechoka kuisikia kutoka kwa watu ambao mbiu ya mgambo ilipolia hawakutoka nyumbani.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kusimamia, lakini inaikataza kugawa ardhi bila Mkutano Mkuu kuridhia kwanza. Neno "kwanza" lisomwe vizuri. Kugawa mwezi huu kisha kupeleka taarifa mwezi ujao si kuridhiwa. Muhuri wa mwenyekiti kwenye karatasi ya mauziano nao haugeuzi karatasi hiyo kuwa Hati ya Hakimiliki ya Kimila, yaani hati rasmi ya kumiliki ardhi ya kijiji. Na ile asilimia 10 ya mauzo ambayo baadhi ya viongozi huidai haimo katika sheria hiyo. Kiongozi akiomba au kupokea fedha ili apitishe ombi, hilo ni kosa chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007: faini kati ya shilingi 500,000 na 1,000,000, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. Mwananchi anayetoa naye anaguswa na kifungu hichohicho.

Sheria ndogo, kama faini za mifugo kuingia shambani, zina safari yake. Halmashauri ya Kijiji inapendekeza, wanakijiji wanajadili mkutanoni, kisha halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Isipoidhinishwa, haina nguvu ya kumtoza mtu.

Mkutano wa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Ukipita muda huo bila kuitishwa, mwandikieni mtendaji wa kijiji ambaye ndiye katibu, nakala kwa mtendaji wa kata, na baadaye kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Andikeni. Malalamiko ya mdomo kijiweni hayana jalada.

Mgogoro wa ardhi uanzie kwa usuluhishi wa Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka Baraza la Kata, ngazi inayofuata baada ya kijiji, lithibitishe kuwa usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Wapo wanaopanda gari hadi wilayani na kurudishwa kwa sababu hiyo tu, na nauli imekwisha.

Mkutanoni, uamuzi wa ardhi ukifikiwa, ombeni usomwe kwa sauti kabla hamjatawanyika: eneo, mipaka, jina la anayepewa. Kisha hakikisheni katibu ameuandika hivyohivyo kwenye muhtasari, na orodha ya mahudhurio imeambatanishwa.