Nyumba ya duka ya Mji Mkongwe na jina lisilo lake

Pita Hurumzi, mtaa wa maduka wa Mji Mkongwe wa Unguja, asubuhi, wageni wakiwa wengi njiani, utamsikia mwongoza watalii akinyoosha mkono kuelekea safu ya maduka na kusema, "Hizi zote ni nyumba za Waarabu." Dalali anayetafuta mpangaji wa fremu naye anaandika "nyumba ya Kiarabu, mtaa wa biashara." Hata watu waliokulia Kiponda na Mkunazini, ambao wamezipanda ngazi za nyumba hizo tangu utotoni, wanasema hivyo hivyo. Nimelisikia jina hilo likibandikwa mahali pasipo pake mara nyingi kiasi kwamba sasa naona kunyamaza si sawa.

Nyingi kati ya hizo ni nyumba za duka. Nyumba ya duka ni jengo ambalo sehemu yake ya chini, upande wa njia, ni duka lililofunguka karibu upana wake wote, na mwenye duka anaishi nyuma yake au juu yake. Mbele ni jembamba, kwenda nyuma ni refu, na ubavuni linagusana na la jirani, mara nyingi kwa ukuta wa shirika. Maana yake ni hiyo tu. Kazi kubwa ni kulitenganisha na lile ambalo watu wanalifananisha nalo.

Nyumba ya Kiarabu ya Mji Mkongwe ni jengo linaloipa njia mgongo. Nje ni ukuta mrefu mweupe, mpana, usio na mapambo mengi, na madirisha ya chini ni machache, madogo, tena yana nondo. Pambo lote limewekwa mlangoni. Ukishaingia unakuta daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, halafu mara nyingi njia inakata kona, ili aliye nje asione ndani hata mlango ukiachwa wazi. Baada ya hapo ndipo linapofunguka behewa, uwanja wa katikati usioezekwa, na vyumba vyote vinaelekea huko na kupata hewa na mwanga kutoka huko. Chini palikuwa ghala na makazi ya watumwa na watumishi. Familia iliishi juu, kwenye upepo. Paa lilikuwa bapa, la zege ya chokaa, na kwa sababu mvua zetu si za Maskati, mengi yalikuja kufunikwa kwa mabati baadaye.

Mpangilio huo wote unatokana na haja moja, nayo ni stara. Mgeni asiye wa ndani alipokelewa barazani, akanywa kahawa yake, akaondoka bila kujua ndani kuna vyumba vingapi.

Sasa itazame nyumba ya duka. Mwenye nyumba hii anataka wapita njia waone kila alichonacho. Anataka robota za kitambaa, magunia ya nafaka, vyombo vya shaba na mizani vionekane kutoka njiani, na mnunuzi asipate sababu ya kupita. Kwa hiyo ukuta wa mbele, ambao kwa mwenzake ndio unaobeba heshima ya nyumba, hapa umeondolewa kabisa. Badala yake kuna nguzo, boriti ya juu yake, na mbao. Usiku mbao hizo hufungwa, ama kwa kupachikwa moja moja kwenye mfereji uliochongwa, ama kwa milango ya kukunja yenye mapande mengi. Asubuhi zinaondolewa au zinakunjwa pembeni, na duka zima linabaki wazi. Sakafu imeinuliwa kutoka njiani, na picha za zamani zinaonyesha wenye maduka wamekaa juu ya sakafu hiyo, miguu wameikunja, bidhaa zimewazunguka, wakizungumza na mteja aliyesimama chini. Baraza pia ipo, ila hapa ni sehemu ya biashara: inabeba bidhaa, na mteja anayepatana bei kwa muda mrefu anakaa hapo.

Faragha haikukosekana, ila ilipangwa kwa namna nyingine. Mbele ni kwa watu wote. Nyuma ya duka kuna chumba cha kuwekea mali, halafu makazi, jiko na kiuwanja kidogo cha nyuma kinacholeta hewa. Nyumba iliyoongezwa ghorofa ilipeleka familia juu, na huko ndiko zilikotokea zile roshani za mbao zenye kimia, ambazo mtu aliweza kuketi ndani yake akaona njia nzima asionekane. Ukingoni mwa paa kuna mbao zilizokatwa kwa urembo, na kwenye nyumba za wenye uwezo kuna vioo vya rangi juu ya madirisha. Nyumba ya Kiarabu huficha pambo lake au huliweka mlangoni tu. Hii ilianza kujipamba mbele, hasa kuelekea mwisho wa karne ya 19, fedha ilipokuwa nyingi na majirani walipoanza kushindana.

Ni haki kusema kwa nini watu wanachanganya. Vifaa ni vilevile. Kuta za majengo yote mawili ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa udongo na chokaa, yakapigwa lipu ya chokaa. Dari zote zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri haizidi sana mita 3, vyumba vya nyumba zote mbili vimekuwa vyembamba na virefu. Waashi walikuwa haohao, na misaji ya milango ilitoka Bara Hindi kwenda kwa mafundi haohao. Anayeangalia ukuta peke yake ataona nyumba za aina moja. Lakini ukuta hausemi nyumba ilijengwa kwa ajili ya nini. Ramani ya ndani ndiyo inayosema, pamoja na uso wake wa mbele.

Historia nayo inazitenganisha. Seyyid Said, mtawala wa Omani, alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, hata ikawa kufika 1840 hapa ndipo penye ufalme wake, majumba makubwa ya mawe yalijengwa upande wa bahari na Shangani na watu waliopata mali ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Wakati uleule biashara ya nje ilipanuka. Mkataba na Marekani ulitiwa saini 1833, na kitambaa cha merikani kikawa kinashuka forodhani kwa wingi. Forodha yenyewe kwa miaka mingi iliendeshwa kwa mkataba na nyumba ya kibiashara ya Jairam Shivji, ya Wabhatia, Wahindu wafanyabiashara kutoka Kutch, magharibi mwa India, na baadaye na Tharia Topan, Khoja wa kutoka hukohuko Kutch. Nyuma ya wakubwa hawa walikuja wafanyabiashara wadogo wengi kutoka Kutch na Gujarati: Wahindu, na Waislamu wa Kishia, yaani Makhoja na Mabohora. Hao ndio waliohitaji duka, wala si jumba.

Njia walizozichagua zinaeleweka ukizifuata kwa miguu. Mali ilishuka bandarini karibu na Ngome Kongwe, na wanunuzi wengi walitoka upande wa pili, Ng'ambo na mashamba, wakivuka ule mkono wa bahari uliokuwa ukitenganisha mji na kisiwa kizima, hapo penye daraja lililolipa Darajani jina lake. Kati ya ncha hizo mbili, kupitia Gizenga, Hurumzi na Changa Bazaar, maduka yalijipanga pande zote za njia. Mwanzo mengi yalikuwa vibanda vya udongo na makuti. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 yakawa ya mawe, ya chini kwanza, kisha yakaongezwa ghorofa. Wabhatia wa mwanzo walikuja bila wake zao na hawakuhitaji zaidi ya mahali pa kulala nyuma ya mali yao. Makhoja na Mabohora waliweka familia hapa mapema zaidi. Kwangu mimi, kukua kwa ghorofa hizi ni kukua kwa familia: unaweza kusoma ukutani ni wapi nyumba ilikuwa duka la mtu mmoja na wapi ikawa maskani.

Umbo lenyewe lilikuja nao. Katika miji ya Gujarati na Kutch, Mandvi kwa mfano, duka lililo wazi mbele, kizingiti kilichoinuliwa na makazi juu yake ni jambo la kawaida tangu zamani. Hapa umbo hilo lilijengwa kwa matumbawe na boriti za mikoko badala ya vifaa vya kwao, likapata na baraza ya Waswahili.

Kuna watu wakifika hapa husema, "Basi tuiite nyumba ya Kihindi." Kwa asili ya umbo lake wana haki, na wasomi wa majengo wanaliita hivyo. Mimi sipendi kuishia hapo, kwa sababu wenye nyumba hizi hawakuwa Wahindi peke yao. Waarabu wenye mali walijenga safu za maduka ya kupangisha. Mengine yaliwekwa wakfu, kodi yake ikatunza misikiti na warithi. Ndani yake wamefanya kazi Washihiri, yaani Waarabu wa Hadhramaut, Wangazija, Waswahili wa mji huu, mafundi cherehani na mafundi wa fedha. Jina linalotaja kazi ya jengo linawaenea wote hao. Kisha umbo hili halikuishia Unguja: lipo Ndia Kuu Mombasa, lipo Bagamoyo, lipo njia kuu ya Lamu, kila mji ukiwa na namna yake ya roshani na baraza.

Mlango nao umechangia sana mkanganyiko. Mlango wa Kiomani wa zamani ni wa mstatili, kizingiti chake cha juu kimenyooka na kimechongwa, na katikati una mfaa, ubao wa wima unaofunika pale mapande mawili ya mlango yanapokutana. Ule wenye upinde juu, uliosheheni maua na majani, ambao ndio unaopigwa picha zaidi na kuitwa "mlango wa Kiarabu," ulikuja baadaye na umebeba mkono wa Kihindi. Mlango wa Kigujarati, wenye mapande madogo ya mraba, misumari ya shaba, na unaokunjika, unaukuta zaidi huko madukani. Kwa hiyo hata kipande ambacho watu wanakitumia kama ushahidi wa Uarabu wa nyumba, mara nyingi kinaelekeza kwingine.

Jengo la Zahanati ya Kale pale Mizingani linaitwa kasri la Waarabu na watu wengi wanaolitazama kutoka boti. Tharia Topan ndiye aliyeanza kulijenga, jiwe la msingi likawekwa 1887. Alifariki 1891, na jengo likamalizika 1894. Roshani zake za mbao zilizochongwa na vioo vyake vya rangi ni matunda ya utajiri wa biashara, ladha ya Kihindi na mitindo ya Ulaya kwa pamoja. Si nyumba ya duka hata kidogo, ila ni ndugu mkubwa wa zile roshani ndogo za Hurumzi, na limepewa jina lisilo lake vilevile.

Ningeyaacha haya yote kama jina lisingekuwa na madhara. Lakini jengo linalindwa kwa kile ambacho watu wanaamini ndicho cha thamani ndani yake. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na mji uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Katika miaka hiyo mwenye nyumba amejifunza kwamba mlango wa kuchonga ni mali, hauguswi. Mbao za mbele ya duka hajafundishwa kuziona. Anayeamini kwamba ana "nyumba ya Kiarabu" anaiona sehemu ile kama tundu tu lililotobolewa ukutani, na anapopata mpangaji mpya anang'oa mbao na milango ya kukunja, anaweka geti la chuma la kusokota au kioo cha ukuta mzima. Hapo ndipo nyumba ya duka inapokufa, kwa sababu uso ule wa mbao ndio uliokuwa nyumba yenyewe. Kisha anapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Chokaa hupumua, saruji huzuia unyevu ndani, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza pale zisipoonekana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilibaki bila wenyewe na bila matengenezo, mvua zikaziangusha. Zile zilizonusurika zinaharibiwa sasa na ukarabati wa watu wenye nia njema.

Kuna aina ya tatu, na hapo sitamlaumu mtu akikosea. Zipo nyumba za Kiarabu za kweli, zenye daka na behewa, ambazo ukuta wake wa chini umetobolewa baadaye ili kutoa maduka upande wa njia. Ukiingia kwa mlango mkubwa ukakuta uwanja wa katikati, iite ya Kiarabu, na yale maduka ni nyongeza. Ukikuta duka linafunguka moja kwa moja njiani, nyuma yake ghala, nyuma ya ghala kiuwanja kidogo, na juu roshani ya mbao, basi hata kama ukuta ni wa matumbawe na mlango wa pembeni umechongwa vizuri, hiyo ni nyumba ya duka, na nakuomba uiite kwa jina hilo.