Uvimbe wa taya usiouma: maswali na majibu kuhusu ameloblastoma

Wagonjwa wengi wa uvimbe wa taya hufika hospitali ya rufaa shavu likiwa limeshajaa na meno yamehama mahali pake. Ukiwauliza kwa nini wamechelewa, jibu huwa moja: "Ulikuwa hauumi." Majibu haya ni kwa ajili yao, na kwa ndugu wanaowatazama usoni kila siku.

Ameloblastoma ni nini? Ni saratani?

Ni uvimbe unaotokana na chembe zilizokuwa na kazi ya kutengeneza meno. Jino linapoumbwa ndani ya taya, kuna chembe maalumu zinazolitengenezea enameli, lile ganda gumu la nje. Jino likishakamilika, mabaki ya tishu hizo hubaki kwenye ufizi na ndani ya mfupa, na kwa watu wengi hayaleti shida maisha yote. Kwa wachache huanza kuzaliana upya. Ndiyo sababu uvimbe huu ni wa mataya, si wa paja wala bega.

Madaktari hawauhesabu kuwa saratani, kwa kuwa kwa kawaida hausambai kwenda kwenye mapafu au ini. Aina zinazosambaa zipo, ila ni adimu sana. Hata hivyo, maneno "si saratani" yamewaponza watu wengi. Ameloblastoma hula mfupa, hupenya kwenye vinafasi vya ndani ya mfupa kupita pale jicho linapoona mpaka wake, na haikomi yenyewe. Ikiwa kwenye taya la juu hatari huongezeka, kwa sababu mfupa wa huko ni mwembamba na juu yake kuna tundu la jicho, na nyuma yake njia ya kufikia chini ya fuvu.

Mbona basi hauumi?

Kwa sababu hauna haraka. Unakua kwa miezi na miaka, na taya hupata muda wa kutanuka pamoja nao. Ndani ya taya la chini hupita mshipa wa fahamu unaohudumia meno ya chini, mdomo wa chini na kidevu. Uvimbe huu mara nyingi huusukuma tu pembeni. Maumivu huja baadaye, pengine vijidudu vikiingia. Kinachotangulia kuonekana ni uso kukaa upande, meno kupishana, jino kulegea bila kuoza, au meno ya bandia yaliyokuwa yakikaa vizuri kukataa ghafla.

Humpata nani zaidi?

Humpata yeyote, lakini wengi ni vijana na watu wazima wa kati ya miaka 20 na 40. Karibu asilimia 80 ya uvimbe huu hutokea taya la chini, hasa kwenye magego ya mwisho na kona ya taya.

Je, ni ugonjwa wa Waafrika? Utafiti wa hospitali moja ya kufundishia huko Lagos, uliochapishwa mwaka 2005, ulipitia wagonjwa 319 wa uvimbe utokanao na tishu za meno, na asilimia 63 walikuwa na ameloblastoma. Mwaka huohuo watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, nao walichapisha kazi inayoonyesha kuwa ndiyo inayoongoza Tanzania. Ulaya na Marekani, takwimu nyingi huweka mbele odontoma, kijiuvimbe kidogo kisicho na ubaya ambacho huonekana kwenye eksirei aliyopigwa mtu kwa sababu nyingine. Hapo tuwe waangalifu. Kwetu eksirei ya meno hupigwa mtu akiwa na shida, kwa hiyo vijiuvimbe vya kimyakimya havihesabiwi. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na nani amepigwa picha, si rangi ya ngozi tu.

Taya limevimba na jino linacheza. Niling'oe?

Usikubali ling'olewe kabla ya picha. Kama kuna jambo moja la kushika katika ukurasa huu, ni hilo. Jino linacheza kwa sababu mfupa ulioshika mizizi yake umeliwa, na pengine mizizi yenyewe. Ukiling'oa, chanzo kinabaki palepale. Kidonda hakifungi, mara nyingine nyama huota kupitia shimo la jino, na miezi mingine inapotea kwa antibayotiki zisizo na kazi. Kutumbua nako ni hivyohivyo: hapana usaha wa kutoa, na chale za mganga zinaongeza vijidudu tu.

Omba eksirei ya mataya yote mawili kwa pamoja, ile ambayo mashine huzunguka kichwa. Ameloblastoma mara nyingi huonekana kama viputo vya povu la sabuni ndani ya mfupa. Kwa uvimbe mkubwa, au wa taya la juu, kipimo cha CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, huonyesha umefika wapi. Lakini picha haitoshi. Zipo aina nyingine za vifuko vya maji na uvimbe zinazofanana nayo kabisa, na matibabu yake ni tofauti. Lazima kikatwe kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara kwa darubini.

Najua hofu iliyopo: kwamba uvimbe ukiguswa na kisu unageuka saratani. Si kweli. Kipimo hicho hakibadili aina ya uvimbe, kinaitaja tu. Wanaoumia ni wale waliokikimbia wakarudi baada ya miaka miwili.

Kwa nini wakate mfupa? Hawawezi kukwangua tu?

Wanaweza, na wamewahi kufanya sana. Tatizo ni zile chembe zilizopenya nje ya mpaka unaoonekana. Ameloblastoma ya kawaida ikikwanguliwa tu, tafiti nyingi zimekuta zaidi ya nusu ya wagonjwa ikiwarudia. Ikikatwa pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa ulio mzima, kurudi hupungua sana. Kwa maoni yangu, upasuaji "mdogo" unaorudiwa mara tatu, kila mara mfupa ukiwa umepungua, ndio upasuaji mkubwa kuliko wote. Ipo hali ya pekee: aina yenye kifuko kimoja, hasa kwa kijana ambaye taya bado linakua, inaweza kutibiwa kwa njia nyepesi zaidi. Anayeamua ni daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso akiwa na majibu ya maabara mkononi.

Nikikatwa taya nitakula na kuongea vipi?

Pengo haliachwi wazi. Huwekwa bamba la titani lililokunjwa kufuata umbo la taya, na mara nyingi mfupa wa mgonjwa mwenyewe kutoka kwenye nyonga. Kwa pengo refu hutumika mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu, chini ya goti, unaohamishwa na mishipa yake ya damu. Daktari David Hidalgo wa New York ndiye aliyeeleza njia hiyo kwa ajili ya taya mwaka 1989, na mtu hutembea vizuri bila kipande hicho. Sehemu ya mbele ya kidevu hutazamwa kwa makini ya pekee: msuli mkuu wa ulimi umejishika hapo kwa ndani, na ukikosa pa kushika, ulimi unaweza kurudi nyuma na kuziba njia ya hewa.

Uulize pia kuhusu mdomo kufa ganzi. Mshipa wa fahamu ukilazimika kukatwa, mdomo wa chini na kidevu upande huo vinaweza kupoteza hisia daima. Kusogea kwa mdomo kunaongozwa na mshipa mwingine, kwa hiyo kuongea kwa kawaida hurudi.

Mtoto wangu wa miaka sita amevimba taya ndani ya wiki mbili. Ni huo huo?

Hapana, na usisubiri hata siku. Uvimbe wa taya unaokimbia hivyo kwa mtoto, huku meno yakilegea, katika maeneo yetu yenye malaria nyingi hutufanya tufikirie limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga ya mwili. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Mulago, Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waligundua ndani ya chembe zake kirusi ambacho leo tunakiita Epstein-Barr. Hii ni saratani kweli, lakini hutibiwa kwa dawa za dripu, si kwa kukata taya, na watoto wengi wanaowahi hupona.

Ipo dawa ya ameloblastoma?

Mwaka 2014 iligunduliwa kuwa sehemu kubwa ya uvimbe huu una hitilafu katika jeni ya BRAF, ileile inayoonekana katika baadhi ya saratani za ngozi. Dawa zinazoilenga zimepunguza uvimbe kwa baadhi ya wagonjwa. Bado upasuaji ndio tiba kuu.

Nimepona. Nirudi kliniki hadi lini?

Miaka mingi, 10 na zaidi. Ameloblastoma imewahi kurudi kwa watu walioamini yamekwisha. Tunza picha zako za eksirei na karatasi ya majibu ya maabara, na uende nazo kila miadi, hata kama daktari aliyekufanyia upasuaji amehama.