Genge la Kizimkazi huliwa kuanzia chini

Mgeni anayefika Kizimkazi, kusini ya Unguja, kwa kawaida hupandishwa boti akawatazame pomboo, kisha huondoka bila kulitupia jicho genge, yaani ukuta wa mwamba wa pwani, lililo nyuma ya ngalawa za wavuvi. Nikiwa mwanajiolojia naiona hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu genge hilo, linalokatizwa hapa na pale na vijifukwe kati ya Dimbani na Mkunguni, ni mwamba wa matumbawe uliokuwa hai takribani miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu ya kina chake cha leo kwa mita kadhaa.

Sogea karibu na ukuta wake. Utaona matumbawe ya kale yenye vitundu vilivyochongeka kama nyota, na makombe ya chaza yaliyogandia ndani ya jiwe. Msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, nao ulijengwa kwa mawe ya matumbawe.

Kwenye usawa wa maji kujaa, genge limeliwa kwa ndani hata sehemu ya juu imebaki ikining'inia. Wengi hudhani ni kazi ya mawimbi peke yake. Mawimbi yana sehemu yake, hasa wakati wa kusi, lakini viumbe wadogo nao hawapumziki: konokono wa baharini hulikwangua jiwe wakila mwani ulioota juu yake, na sponji hulitoboa kwa ndani. Huko juu mvua huyeyusha chokaa na kuacha ncha kali zinazokata kandambili, kwa hiyo vaa viatu vya soli ngumu.

Ndiyo maana nasisitiza usisimame ukingoni: unaweza kudhani umekanyaga jabali imara, kumbe chini yako ni utupu. Anayetaka kupita chini ya genge achague siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji yanapokupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Aanze safari maji yakiwa bado yanatoka, na kabla ya kushuka awaulize wavuvi walioko diko, maana wao wanajua ni kijifukwe kipi hufungwa mapema na maji yakirudi.